Mdomo wa Bati

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Fortunée alimfuata mama yake kazini. Mama Madeleine alikuwa fundi wa bati, na bintiye wa miaka kumi na miwili hakuchoka kumtazama. Bati gumu lilimtii mama kama ugali wa bukari unavyomtii mpishi!

Jumamosi hiyo walikuwa kwenye zahanati ya mtaa. Chumba cha kupimia watoto kilichemka kwa joto, na muuguzi Gertrude alisema wachanga wawili walikuwa wamezimia humo. Njia ya hewa, sanduku refu la bati lenye pembe nne, ilipita ukumbini tu. Mama alitaka kuitoboa na kuitia tawi la kuingiza hewa chumbani. Kipande cha kutobolewa kililala juu ya viti viwili, na kingine kama hicho hakikupatikana Likasi nzima.

Mama alimpa Fortunée kalamu ya risasi, krayo yake ya kazi. "Weka tawi hapa, fwata mudomo yake, chora."

Fortunée alichora kwa fahari. Binamu yake Jessy, aliyekuja nao, akachungulia. "Weye fundi kabisa!"

Alipoliinua tawi, aliona amekosea. Alikuwa amefuata ukingo wa nje, ule uliokunjwa ili ukalie bati. Kumbe mama alimaanisha uwazi wa ndani, unapopita upepo! Tundu likikatwa kwa mstari huu, tawi lote litatumbukia.

"Nyamaza tu," Jessy alinong'ona. "Mama yako atazania njo yeye alikosea."

Fortunée akanyamaza. Mama akaja, akaweka patasi juu ya mstari, akainua nyundo. Fortunée akawakumbuka wale wachanga.

"Mama, ngoja! Minye nilikosea. Nilichora mudomo ya inje. Niliona, nikanyamaza."

Nyundo ikabaki juu. Mama aliutazama mstari, akashusha pumzi. "Hata minye nilikosea. Nilisema mudomo, sikukuonyesha mudomo gani."

Akaufuta mstari kwa kitambaa. Fortunée akachora upya, safari hii kwa ndani. Mama akakata, akaingiza tawi, akakunja vijimeno vya ukingo wake wa ndani upande wa pili mpaka likashika kabisa. Kisha wakapandisha kipande na kukiunganisha.

Umeme ulipowashwa, feni ya kusukuma hewa ikanguruma. Fortunée akainua kiganja kwenye tundu la chumbani. Hewa ikaja! Upepo uliokuwa ukienda zake ukumbini ulikuwa umekata kona, ukaingia humu. Mtoto aliyelia juu ya mizani akanyamaza, akatoa macho. Fortunée naye alistaajabu mpaka akabaki kinywa wazi.

"Funga ile mudomo, usimeze upepo ya batoto," mama alimtania. Kisha akamshika bega. "Mustari ya krayo unaifuta na kitambaa. Tundu, hata ulie namna gani, haifutike. Njo maana kosa inasemwaka mbele ya patasi kukata."