Kitabu Kilichofungiwa na Sahani za Wageni

Naapa mbele ya mke wangu, mbele ya pasta wangu, na mbele ya jogoo wangu ambaye haniamini: hadithi hii ni kweli yote, toka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho.

Mimi ni Nkongolo, mzee wa pensheni hapa Kapata. Shuleni sikukaa sana. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa maandishi ya juu ya magunia na masanduku kazini. Kwa hiyo mtu akiniambia kitabu fulani si kitabu, damu yangu inachemka.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Kalonji. Anafanya kazi Kingamyambo, pale wanapoosha upya mchanga wa zamani wa migodi ili kutoa shaba na kobalti. Ana mke na mabinti wawili. Mkubwa anaitwa Bilonda. Ana miaka kumi na tano.

Bilonda ni mtoto wa kazi. Asubuhi anachota maji bombani, anafagia kiwanja, anakwenda shule. Mchana anamsuka mdogo wake nywele. Siku ya Jumatatu alikuwa anasuka hivyo, na kitabu kiko wazi juu ya kiti mbele yake.

Kitabu hicho alikiazima kwa Mama Kanku. Mama Kanku ni mwalimu wa zamani. Sasa anaangalia chumba cha kusomea katika kantini ya zamani ya kampuni ya migodi. Kitabu si cha hadithi. Kinaeleza maisha ya vijana: namna ya kutunza nywele zilizosukwa, dansi za mjini zilitoka wapi, kwa nini chunusi zinatoka usoni, namna ya kupiga picha kwa simu, na namna ya kutunza simu yenyewe. Vijana wengi walikitaka. Bilonda alingoja zamu yake miezi mitatu.

Kalonji akaingia. Akaona picha ya jalada: msichana mwenye rasta ndefu anacheza, simu mkononi.

"Hii ni nini?"

"Kitabu, tata," Bilonda akamjibu baba yake.

"Mi naona muschana anaceza. Mu nyumba yangu kuko bitabu ya namna mbili tu: bya masomo na bya Mungu."

"Tata, hamuyafungula hata ukurasa moja."

"Kufungula ya nini? Sura yake naiona!"

Akakichukua, akakitia katika kabati ya vioo ya sebuleni, kati ya sahani za wageni na picha ya ndoa. Akafunga. Ufunguo ukaingia mfukoni.

"Tata, ni ya kurudisha siku ya posho," Bilonda akasema. Hapa kwetu siku ya posho ni Jumamosi. "Nikikosa kuirudisha, banakamata karte yangu ya kuazima. Sitaazima tena."

"Muzuri. Utasoma masomo."

Mtoto mwingine angelia. Bilonda hakulia. Alimaliza kusuka, akaosha vyombo, akafanya kazi za shule zote. Baba hakupata kosa hata moja la kumshika. Kisha akachukua kiti, akakiweka mbele ya kabati, akaanza kusoma kwa sauti kile kilichoonekana nyuma ya kioo. Lilionekana jalada tu. Akalisoma.

"Nyamaza!" Kalonji akasema.

"Mulifunga kitabu, tata. Kioo hamukukifunga."

Jumanne akasoma jalada tena. Jumatano wakaja marafiki zake, wakaketi chini mbele ya kabati. Walikuwa hamsini. Naapa, hamsini. Mstari ulitoka sebuleni ukafika kwenye mpapai wangu. Wote wanasoma jalada lile lile kwa sauti moja, kama kwaya. Kalonji akala bukari yake, yaani ugali, nje, mgongo umegeukia mlango.

Mama Bilonda akamwambia, "Tata Bilonda, njo uko unakula na kuku sasa. Juu ya kitabu?"

"Kichwa yake iko nguvu," Kalonji akajibu.

"Aliitoa wapi? Kwangu?"

Alhamisi Kalonji alirudi kutoka kazini jua lingali juu. Simu yake ilikuwa na taabu. Kifuniko cha nyuma kimeinuka. Akakitoa, akaona batri imevimba kama beignet, lile andazi la mafuta.

Wakati ule kulikuwa na fundi mmoja mgeni, mtu wa kutoka mji wa Kisenge, anapita njia. Mimi sikumjua. Akaiangalia batri, akasema, "Hii ni hewa tu. Tobola kidogo na sindano, hewa itatoka, batri italala." Akampa sindano kubwa ya kushonea magunia. Akaenda zake. Mimi nilikuwa nimelala ndani kwangu.

Kalonji akaweka batri juu ya meza. Akashika sindano.

Bilonda akatoka jikoni mbio. "Tata, hapana! Musitobole! Itawaka moto!"

"Nani alikufunza?"

"Kitabu. Ile mulifunga."

Kalonji akacheka. "Sikia huyu! Mi niko na miaka makumi mbili na moja mu kobalti. Kobalti ya batri inatoka wapi? Si ku mikono yangu hii?"

"Ya mu mchanga munaijua, tata. Ya mu simu hamuijui."

Hapa kwetu mtoto hasemi hivyo kwa baba. Kalonji akainua sindano. Bilonda akaishika kwa nguvu, akaifunga ndani ya ngumi yake.

"Nipigeni," akasema. "Lakini hii sindano siitoi."

Mkono wa Kalonji ukapanda juu. Mdogo wake Bilonda akafunga macho.

"Tata Bilonda!" Mama akaita. "Ufunguo uko mu mfuko yako. Fungula kabati. Kama mutoto anadanganya, utamupiga na kitabu mbele yako. Kama anasema kweli, utafanya nini?"

Kalonji akafungua ili amshinde mtoto. Bilonda akasema, "Ukurasa wa makumi ine na mbili." Kalonji akasoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya mstari:

"Batri iliyovimba ni hatari. Usiitoboe. Usiibonyeze. Usiichaji tena. Ndani yake mna vitu vinavyoweza kuwaka moto ghafla na kutoa moshi wenye sumu."

Akasoma mara ya pili. Jasho likamtoka. Akarudi nyuma hatua moja, mbali na meza, kama mtu aliyeona nyoka.

"Bilonda," akasema kwa sauti ndogo. "Kinasema tufanye nini?"

Wakamwita Mama Kanku, maana anakaa nyumba ya tatu. Alikuja na mkebe mtupu wa maziwa.

"Simu umeizima?" akauliza.

"Nimeizima, mama."

"Batri imetoka yenyewe? Hukuivuta na kisu?"

"Imetoka yenyewe."

"Muzuri. Isingetoka, ungeiacha humo humo. Bilonda, leta mchanga mkavu."

Wakatia mchanga ndani ya mkebe. Mama Kanku akaichukua batri taratibu, bila kuikunja, akailaza juu ya mchanga. Mkebe hakuufunika. Wakauweka nje, kivulini, mbali na mkaa, mbali na nguo na mbali na watoto.

"Usiitupe ku takataka," Mama Kanku akasema. "Usiitupe ku moto wala ku maji. Kesho pelekea Mechack, fundi wa simu. Yeye anajua pa kuipeleka. Na batri mpya ununue ya simu hiyo hiyo, si ya kukisia."

Kalonji akaketi. Akafunua kurasa za kitabu moja moja.

"Mama Kanku, kumbe kuko akili humu. Lakini dansi? Nywele? Ya nini?"

"Tata Kalonji, sabuni ulijifunza kuitumia ku shule?"

"Hapana."

"Mutoto wa miaka kumi na tano anaishi na nywele, na simu, na chunusi, na marafiki. Anataka kuelewa maisha yake. Akisoma kitu anachopenda, anasoma mingi. Akisoma mingi, hata kitabu ya masomo inakuwa nyepesi. Alama zake za Kifaransa uliziona?"

"Zilipanda," Mama Bilonda akajibu kabla ya mumewe.

"Na kama kitabu ni mubaya?" Kalonji akauliza.

"Njo fungula. Angalia orodha ya mambo mbele. Angalia nani aliandika, na mwaka gani, sababu mambo ya simu yanazeeka upesi. Kitabu kinaweza kukosa. Uliza mtu anayejua ile kazi. Na muulize mutoto: leo umesoma nini? Hii yote huwezi kuiona ku jalada."

Ijumaa Mechack aliiona batri, akapiga mluzi. "Tata, mungetobola hii, leo tungekuwa tunawasalimia ku hospitali, na vidole ndani ya bandeji."

Siku ya posho Kalonji mwenyewe akabeba kitabu hadi chumba cha kusomea. Bilonda alitembea pembeni, kichwa juu. Karte yake ikabaki yake. Baba akazunguka rafu mara mbili, halafu akauliza kwa haya, "Mama Kanku, hakuna kitabu ya gitaa? Zamani nilipiga kidogo."

"Iko. Lakini ni ya bijana."

"Andika ku karte ya mutoto," Kalonji akasema.

Bilonda akaangalia dari. "Tata, mukichelewa kuirudisha, naifunga mu kabati."

Siku hizi ile kabati haifungwi. Gitaa linalia vibaya kila Jumapili mchana, na mimi sisemi kitu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza kuandika. Nikapeleka karatasi zangu chumba cha kusomea, nikawasomea vijana. Bilonda alisikiliza na kalamu mkononi.

"Tata Nkongolo," akasema, "marafiki yangu walikuwa wangapi?"

"Hamsini."

"Walikuwa ine. Nao bako hapa. Bahesabu."

Nikahesabu. Walikuwa wanne.

"Na fundi wa Kisenge, anaitwa nani?"

"Alipita tu, binti yangu..."

"Mama yangu alikuwa ku mlango. Hakuona mutu wa Kisenge. Alikuona weye, tata, unaruka ukuta na sindano yako ya magunia. 'Tobola, Kalonji, mi najua hii bintu!' Kisha ukakimbia kwako."

Vijana wakapiga kelele hadi mabati yakatetemeka. Nilimgeukia Mama Kanku anisaidie. Akatikisa kichwa.

"Hii karatasi zako ni kitabu ya kufundisha watu," akasema. "Mutu akisoma humu kama sindano ilitoka Kisenge, ataogopa wageni tu. Mzee wa jirani kama weye atamuamini, na atatobola. Lipa amende."

Faini hiyo waliikata pale pale: casier moja ya sucré, yaani kreti ya soda, baridi. Nilikwenda depo ya vinywaji mwenyewe, nikaibeba kichwani katika jua la saa saba, chupa ishirini na nne zinagongana. Nikaiweka chini mbele yao na kuomba moja.

"Kwanza andika," Bilonda akasema, akanipa kalamu.

Nikaandika: Sindano ilikuwa yangu. Nilikosea. Batri ikivimba, msiitoboe.