Ufunguo wa Tatu

— Ufunguo wangu hautoki kwenye kanga hii mpaka uachane na mwanangu. Leo. Hapa hapa.

Dative alidhani anataniwa. Akacheka, akawageukia wamama wenzake waliojazana chumba cha nyuma cha duka, akaona anacheka peke yake.

— Mama Obeid, mvua iko njiani. Tumekuja kununua mbegu.

— Mvua naijua. Na we unanijua mi.

Jamani, nani pale Bwiza asiyemjua Mwantum! Duka la vitenge, mlango haufungwi, birika la chai halipoi, na habari za mtaa hupita kwake kwanza ndipo ziende kwa wenyewe. Ndiyo maana wamama wa kilima cha Ruziba walimwamini. Vita vilipowagawa, Wahutu wakabaki kilimani, Watutsi wakakimbilia kambi iliyo karibu na kituo cha askari, lakini chama chao cha akiba walikataa kukigawa. Wakaleta sanduku mjini, wakalitia kufuli tatu. Ufunguo mmoja akashika Dative, kwa niaba ya wa kilimani. Wa pili Epiphanie, kwa niaba ya wa kambini. Wa tatu wakampa Mwantum, Mswahili wa Bwiza, mtu asiye na upande. Ukikosekana mmoja, sanduku ni jiwe.

Sasa huyo asiye na upande alikuwa na mtoto wa kiume. Kila Dative akija na ufunguo wake, Obeid anamimina chai. Chai ikaleta stori, stori zikaleta macho, macho yakaleta ahadi. Wakati huu Obeid alikuwa Kigoma kufuata mizigo ya duka. Akirudi, ndoa.

— Ni dini? Dative akauliza. Mi nilishakubali kusilimu. Obeid mwenyewe ananifundisha Fatiha.

— Si dini. Ungesilimu ningekuvika baibui yangu ya Idi.

— Ni umasikini wangu?

— We mutoto! Mi nimeolewa nikiwa na kanga mbili, moja ya kuazima!

— Basi ni nini, mama?

Mwantum, mtu wa maneno mengi, siku hiyo aliyatafuta.

— Ukiwa mukwe wangu, mi ni mutu wa upande wako. Ufunguo wa tatu utalala nyumba moja na ufunguo wa kwanza. Hawa wengine watanitazama kwa macho gani?

Kabla Dative hajajibu, simu ya dukani ikalia. Mwantum akapokea, akasikiliza kidogo, akamsogezea.

— Ni yeye. Mwambie mwenyewe.

Dative akashika simu kama mtu anayepokea sahani ya moto.

— Allo?

— Mupenzi! Bahati gani hii! Sauti ya Obeid ilikuja na kelele zote za bandari. Sikia, nimenunua kitanda. Mbao ya mninga. Fundi ananiuliza kiwe na upana gani, nikamwambia weka wa watu wawili na ugomvi wao.

Nyuma yake waliokuwa wanatafuna karanga waliacha.

— Obeid...

— Mbona unaongea kama uko msibani?

— Mama yako hafungui sanduku. Mpaka tuachane.

Simu ikakwaruza. Kisha Obeid akasema polepole:

— Bon. Basi Epiphanie ameshinda.

— Ameshinda nini?

— Vraiment, kweli hajakuambia? Kabla sijasafiri alikuja kwa mama. Alisema nikikuoa, watu wake wanajitoa kwenye chama. Nilidhani we ni rafiki yake, amekwisha kukueleza.

Dative aligeuka taratibu. Epiphanie alikuwa amekaa kwenye robota la vitenge, mikono mapajani. Hawa wawili walilima shamba moja tangu usichana, wakachekana matiti yalipoota, wakaliliana vita vilipokuja.

— Ni kweli?

— Kweli.

— Na asubuhi kwenye basi ulikuwa unanisifia kitambaa cha harusi!

— Kitambaa ni kizuri, Dative. Hapo sikudanganya.

Mmoja aliguna. Epiphanie akaendelea, sauti imekauka:

— Wamama wangu wamezika waume, wamezika watoto, na waliowaua wanawajua kwa majina. Nimepiga magoti mulango kwa mulango ili wakubali kukaa benchi moja na nyinyi. Wanakaa kwa ajili ya huyu mama tu. Ukiolewa humu, wanaondoka. Na kule kambini hatuna hata jembe.

— Ungeniambia mi mwenyewe!

— Ungeniachia Obeid?

Dative akaitazama simu mkononi. Mama mmoja wa kilimani, wa upande wake mwenyewe, ndiye aliyemmalizia:

— Wanaume ni wengi, binti yangu. Msimu wa kupanda ni mumoja.

— Dative? Obeid aliita. Usiwasikilize! Watafute mutu mwingine wa kushika huo ufunguo!

— Nani, Obeid? Nitajie mutu mumoja, ndani ya nchi hii, anayeaminiwa na wote.

Alimngoja amtaje. Alimwombea amtaje. Kule Kigoma zilisikika kelele za wapagazi tu.

— Kwa hiyo? Obeid akauliza.

— Usinunue kitanda.

— Nimekwambia nimeshanunua.

— Basi kilalie.

Akaweka simu. Mwantum akafungua pindo la kanga huku machozi yanamtoka, akatoa ufunguo. Kufuli tatu zikafunguliwa, hakuna aliyepiga kigelegele. Mbegu za maharage zikanunuliwa kabla askari hawajafunga barabara ya Ruziba.

Nazo zilipandwa, na zilipendeza. Zilipoanza kutoa maua ikashuka amri ya jeshi: watu wote wa kilimani wakusanywe kambi mpya, chini ya bunduki, asitoke mtu bila ruhusa. Maharage yakavunwa na wasioyapanda.

Mwantum alikuja kumtazama Dative huko. Askari akamruhusu kusimama kwenye kizuizi tu. Mama huyo alikuwa amekonda, kanga inamzunguka mara mbili.

— Obeid ameoa hukohuko Kigoma. Binti anaitwa Basma. Na mi nimeambiwa na mupagazi! Mi, Mwantum, habari ya mwanangu nimeipata kwa mupagazi!

— Kitanda kimepata watu wake.

— Nisamehe, mwanangu.

Dative akatazama nyuma ya mama huyo, barabarani.

— Epiphanie hajambo?

— Haji tena. Watu wake wanasema mukifungiwa namna hii, basi iko kitu mulichofanya. Nimemutuma mutu mara ngapi! Anajibu hana wa kumufuata.

— Na sanduku?

— Liko kwangu. Lina michango yenu yote ya tangu siku ile, na bila ufunguo wa Epiphanie halifunguki.

Ndani ya vibanda vya majani watu walikuwa wanakohoa. Wiki hiyo walizika kila siku, na dawa iliuzwa pale pale getini kwa mwenye chochote.

Mwantum akafungua pindo, akanyoosha mkono juu ya kizuizi.

— Chukua huu. Mi siuwezi tena.

— Apana, mama.

— Chukua, nakuomba!

— Mi nilikuwa na mutu wangu. Nilimutoa ili ufunguo huo usiwe na upande. Ukinipa mi, tayari una upande.

— Lakini haufungui kitu, Dative!

— Najua, mama. Rudi nyumbani, barabara inafungwa.