Neno la Mtu wa Tatu

Mama Pacha alisema "kamba". Pasi akajibu "mbavu". Kabla Mama Pacha hajafungua kinywa, "vumbi" likawa limeshasemwa.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana, ndani ya chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo. Shuka pana lilikuwa limetandazwa hewani kati yao, kila mmoja ameshika ncha mbili. Pasi, akidhani mwenzake ndiye aliyesema, akadaka haraka, "Mbio."

"Mbona unajijibu?" Mama Pacha akamuuliza.

"Nimejijibu vipi? Si wewe umesema vumbi?"

"Sijasema."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Kila mmoja alijua kuwa sauti ile haikutoka upande wa mwenzake. Ilitoka nyuma yao, kwenye mashine ya kukaushia, ambayo haikuwa imewashwa tangu asubuhi.

Mchezo huo walikuwa wameuanza miezi mitatu nyuma. Awali walikuwa wakicheza gemu la kupanga matofali kwenye simu ya Pasi, wakipokezana muda wa mapumziko, hadi kioo cha simu kilipopasuka. Ndipo wakahamia kwenye maneno, burudani isiyokula chaji wala bando. Silabi ya mwisho ya neno langu ndiyo ya kwanza ya neno lako, neno likishatajwa halirudiwi, anayekwama amefungwa. Walicheza huku wakikunja, na mashuka mia mbili yakawa yanaisha bila wao kuhisi uchovu. Pasi, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa alishika pasi miaka kumi na mmoja pale, alikuwa hapendi kufungwa hata kwa mzaha.

Kesho yake sauti ilirudi. Ilikuwa ya mtu anayesema akiwa na kitambaa mdomoni, nayo ilijibu kila mara papo hapo, bila kubabaika. Ikaja pamoja na harufu, ya nywele mbichi zilizobanwa na pasi ya moto. Siku waliyoamua kunyamaza, ilirudia neno lake moja, "jirani, jirani, jirani", tangu saa tano hadi wanatoka kazini, na mlango wa ile mashine ukawa unagonga polepole kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Mashuka waliyoyatoa makavu yalikutwa yameloa katikati, alama ya kiganja chenye vidole virefu mno.

Msimamizi wa zamu alipoelezwa aliita fundi. Fundi akaangalia waya, akasema mashine ni nzima.

Walikwenda pamoja kwa bibi mmoja mtabibu, ajuza mkavu aliyekuwa akipokea watu katika chumba cha nyuma cha duka la kuuza vitambaa. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawaambia hilo ni jini la upweke, limekaa pale kwenye maji yaliyofungiwa tangu jengo halijajengwa, na sasa limepata wenzake wa kucheza nao, haliwezi kuondoka bila mchezo kumalizika.

"Chezeni nalo mchana, mmalize," alisema. "Likikwama, limekwenda. Mkikwama nyinyi, nyamazeni, mshikane mikono, mtoke pamoja. Litawapiga homa siku saba, basi. Ila jina la mtu lisitajwe. Mnaitanaje huko kazini?"

"Kwa majina ya utani tu, bibi," Pasi alijibu.

"Vizuri. Jina la kuzaliwa likitajwa mle ndani, mchezo umeisha na mwenye jina amechukuliwa."

Njiani kurudi, Mama Pacha alimshika shoga yake mkono. Pale kazini hakuna aliyejua jina lake la kuzaliwa isipokuwa Pasi, maana Pasi ndiye aliyempeleka hospitali siku ya kujifungua mapacha, akamjazia fomu, akasaini kama ndugu. Na yeye alilijua la Pasi. Hilo lilimtuliza. Aliona wako salama, kila mmoja ameweka amana kwa mwenzake.

Jumamosi saa sita mchana walishuka. Walichukua shuka moja, wakalishika ncha zake, wakaanza. Mama Pacha alisema neno, jini likajibu, Pasi akamalizia, mzunguko ukarudi. Maneno ya kawaida yakaisha mapema, vyombo, wanyama, viungo vya mwili. Jini nalo likaanza kumwandama Pasi, kila neno lake likiishia silabi ile ile, "ne".

"Nong'ona," alisema Mama Pacha.

"Nane," ikasema sauti.

"Neema," Pasi akajibu.

"Majitu," Mama Pacha akafuatia.

"Tuonane," ikasema sauti tena.

Hewa ikawa nzito, harufu ya nywele ikawakaba koo, mashine zote kumi zikaanza kuzunguka bila maji na bila nguo, na kila Pasi alipopata neno, "nene", "nepa", "nenda", sauti ilimrudishia silabi ile ile kwa upole, ikisogea kutoka kwenye mashine hadi chini ya meza ya kupigia pasi, kutoka chini ya meza hadi chini ya shuka lenyewe walilolishika, ambalo sasa lilikuwa limevimba katikati kama kuna mtu amesimama chini yake, mfupi, kichwa kikigeuka upande mmoja kisha upande wa pili, hadi kikatulia kikimtazama Pasi, na Pasi akafungua mdomo akakuta hana kitu.

Mama Pacha alimwonyesha kwa macho, tunyamaze, nipe mkono, tutoke. Akanyoosha mkono wake.

Pasi aliutazama ule mkono. Kisha akalitaja jina la mwenzake. Alilitaja lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti safi kama anamsomea karani. Akaziachia ncha za shuka, akapanda ngazi, na mlango wa juu ukajifunga.

Mashine zikazima. Shuka likaanguka bapa sakafuni, hamna mtu ndani. Katika kimya kile Mama Pacha alisikia jina lake likirudiwa sikioni, pole pole, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Tangu siku hiyo chumba cha kufulia kilikuwa shwari. Nyumbani kwake ndiko mambo yalikohamia. Mapacha wake, wasichana wa miaka saba, walikuwa na gemu la mtumba la kuchomeka kwenye televisheni, la magari ya mashindano. Alasiri moja walimwita wakamwonyesha orodha ya washindi. Nafasi zote kumi zilijaa jina moja.

"Mama, huyu nani?" wa kwanza akamuuliza. "Tukiwa shule anacheza na nani?"

Lilikuwa jina lake.

Alirudi kwa bibi mtabibu akilia. Bibi alisema dawa iliyo salama ni moja: aliyelitoa jina alirudishe kwa kinywa chake mwenyewe, aseme mbele ya watu kwamba alichotoa hakikuwa chake. Basi wakaongozana hadi kwa Pasi, ambaye tangu Jumamosi alikuwa ameomba likizo. Aliwafungulia mlango nusu.

"Mwanangu, sema maneno matatu tu," bibi alimsihi.

"Likinirudia mimi?" Pasi aliuliza, macho chini. "Mimi nina watoto."

"Na mimi nina nini?" Mama Pacha alisema.

"Nilikuwa nimekwama. Ungekuwa wewe ungefanya vile vile."

"Jina lako nilikuwa nalo mdomoni tangu tulipoanza," Mama Pacha alimwambia, na sauti yake haikupanda. "Kila lilipoanza kuniponyoka niliung'ata ulimi. Angalia." Akamtolea ulimi, umechanika pembeni, kidonda bado kibichi.

Pasi aliutazama. Jirani mmoja alikuwa amechungulia dirishani, akauliza kuna nini. Pasi akamjibu kuwa kuna watu wamekosea nyumba. "Wanamtafuta mtu simjui," alisema, akafunga mlango. Kutoka ndani wakasikia komeo, kisha meza ikiburutwa.

Mama Pacha alikaa kwenye ngazi ya nyumba ile aliyokuwa ameikalia mara ngapi akisukwa nywele, akalia kilio kisicho na sauti. Homa angeivumilia. Hata jini angelivumilia.

Imebaki njia moja, bibi alimwambia. Alimrudisha chumbani kwake, akamkalisha mbele ya karai la maji, akamtaka alikane jina lake mara saba, akiliachia jini liende nalo. Alikana. Mara ya saba maji yalitetemeka, harufu ikapita juu ya vichwa vyao, ikatoka dirishani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili mabega yake yakawa mepesi.

"Limekwenda," bibi alisema. "Lakini limekwenda na jina. Kuanzia sasa ukiitwa wewe, litaitika lenyewe. Nani mwingine analitumia?"

"Mama yangu tu. Yuko peke yake, mbali."

Bibi aliacha kukunja kitambaa alichokishika. "Mpigie. Sasa hivi. Mwambie asilitaje."

Alipiga akiwa bado amekaa pale mbele ya karai. Mama yake alipokea upesi, sauti yake ikiwa na furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Alitaka kusema. Ulimi ulitafuta, ukakuta patupu. "Mimi, mama. Mwanao. Mama Pacha."

"Mwanangu mbona ninaye hapa?" bi mkubwa alisema, akicheka kidogo. "Kaingia sasa hivi, hata viatu hajavua. Kaja kukaa nami kabisa, anasema. Subiri nimwite, huenda mnafahamiana."

"Mama, usimwite. Mama, toka nje."

Lakini simu ilikuwa imeshaondoka sikioni mwa bi mkubwa. Alimsikia mama yake akiita, kwa mapenzi yale yale ya miaka yote, jina ambalo yeye hakuweza tena kulikumbuka. Na kutoka chumba cha ndani, kwa sauti yake yeye mwenyewe, mtu akaitika, "Abee, mama."