Mkono wa Mpasua Mbao

Rafiki yangu ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na haya alinisimulia kwa sauti ya kukwaruza, shingo imemvimba.

Alasiri moja ya mvua kubwa alikwenda kumpa dawa ya maumivu mpasua mbao aliyenyofolewa mkono wa kulia na msumeno. Chumba hakikuwa na dirisha. Mgonjwa alikuwa humo peke yake, akigumia usingizini, na mashine ya kupimia moyo ikilia pi, pi, pi. Mara umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, giza likawa totoro. Dada wa watu akaona kazi hii ameizoea. Akapapasa mpira wa dripu, akachomeka sindano.

Hapo vidole vikamkaba koo. Vikambamiza ukutani, vikambamiza tena, mpaka akasikia jino lake likivunjika. Alirusha mateke, yasimpate mtu. Sindano ilipomponyoka ndipo akaachiwa, akaanguka kama gunia.

Taa zilirudi. Mgonjwa alikuwa amelala chali vilevile. Muuguzi akatoa mfukoni kichupa alichovutia dawa, akakisoma huku damu ikimdondoka kidevuni. Haikuwa dawa ya maumivu. Ilikuwa potasiamu, ambayo ikisukumwa mshipani hivihivi bila kuchanganywa husimamisha moyo.

Mpasua mbao akafumbua macho. "Sista, ule mkono uliokatwa unaniuma vidole."

"Vinauma vipi, kaka?"

"Kama nimetoka kukaba kitu kwa nguvu zangu zote."