Mgeni Asiyepewa Jembe

Aliyemwambia Bryony kwanza kwamba nyumba ya shamba ya Huckaford, kule Devon, ina mgeni alikuwa baba mkwe wake, mzee Denzil Endacott, na alimwambia akicheka, mdomo umejaa mkate na jibini.

"Njoo uone maajabu, binti," alisema, akigeuza kompyuta juu ya meza ya jikoni. "Sensa ya mwaka 1851. Waliandikwa wote waliolala ndani ya nyumba hii usiku ule. Huyu babu wa babu yangu, huyu mkewe, hawa watoto, huyu kijakazi wa maziwa. Sasa msome huyu wa mwisho."

Bryony, mtoto wake Silas akiwa begani, aliinama akausoma mwandiko wa karani. Mwanamume. Jina, halijulikani. Umri, yapata arobaini. Kazi, hakuna. Alikozaliwa, hakujulikani. Kwa mwenye nyumba ni nani: mgeni.

"Labda mvua ilimkamata njiani, baba."

"Ndivyo nilivyodhani. Haya, tazama sensa ya baada yake. Mgeni. Inayofuata, mgeni. Mpaka 1921, kila wakihesabu watu, yumo. Mvua gani hiyo ya miaka sabini?"

"Na umri wake ni ule ule," Bryony alisema polepole.

"Makarani wavivu hao. Kila mmoja alinakili ya mwenzake."

Tangu magoti yalipomkatalia shamba, na tangu mkewe alipofariki, mzee Denzil alikuwa na kazi moja tu: kuwatafuta wafu wake. Masika na kiangazi alikuwa akichungulia vitabu vya kanisa, vya ubatizo, ndoa na maziko, na alichokipata alikipeleka kwenye karatasi kubwa aliyoitandaza ukutani karibu na jiko. Wa damu aliwaandika kwa wino mweusi. Wake walioolewa aliwaandika kwa penseli, mpaka awapate wazazi wao. Bryony alikuwa na mwaka wa pili kwenye penseli, maana alilelewa na watu wasio ndugu zake, na juu ya jina lake palikuwa peupe. Mzee hakukusudia ubaya. Lakini Bryony, ambaye hadi leo aliomba ruhusa ya kuteleka birika katika nyumba ile, alikuwa akipita pale ukutani akiona kwamba kitambaa kibichi kimoja kingetosha kumfuta.

Kilichomkera Denzil ni ncha za kamba zisizofungwa. Katika kitabu cha ubatizo alikuwemo Amos, mdogo wake babu wa babu yake. Katika kitabu cha maziko hakuwemo.

"Huyu ana jina, hana kaburi," alisema. "Yule ana kitanda, hana jina. Sasa si mtu mmoja huyo?"

"Una hakika, baba?"

"Hakika anayo Mungu. Mimi nina wino."

Akaandika: Amos Endacott. Akamchorea mstari wa undugu. Jioni, Perran, mume wa Bryony, aliporudi kutoka kukamua ng'ombe, alikuta vikombe vinne mezani badala ya vitatu.

"Cha nne cha nani?"

"Cha Amos. Amerudi kwao," mzee akasema, akamimina chai. "Karibu nyumbani, Amos!"

"Siku ukimpata wa ukoo anayejua kukamua, baba, hapo ndipo uniite," Perran alisema, wakacheka wote.

Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu. Bryony alidhani mzee amekinywa. Lakini kiti kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimevutwa nyuma, kana kwamba mtu amekivuta ainuke, na mbao zake zilikuwa zimelowa, na jikoni palinuka sufu mbichi ya kondoo na tope la bwawani. Akakausha kiti, akakirudisha. Kesho yake kilikuwa kimelowa tena. Mbwa wa kuchungia kondoo, aliyezoea kulala miguuni pa jiko, alisimama mlangoni akanung'unika, akaenda kulala zizini kwenye baridi.

Perran alisema nyumba za mawe ndivyo zilivyo, unyevu hauishi. Bryony alitaka kuamini hivyo, na angeamini, lau si shali ya mtoto. Alimwinua Silas kitandani mwake akakuta shali imelowa mgongoni tu, doa moja pana lenye vidole vitano virefu, kana kwamba amebebwa na mtu aliyetoka majini. Mtoto alikuwa akicheka na kiti kitupu. Ila mwili wake ulikuwa wa baridi, na nesi alipokuja na mizani yake alipima, akapima tena.

"Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya mpaka ananiumiza."

"Basi anachonyonya kinakwenda wapi?" nesi aliuliza, akaandika wampeleke hospitali wiki ile ile.

Hospitali hawakuona kitu. Silas akazidi kuwa mwepesi. Ukimpakata ulihisi umepakata nguo zake.

Mzee Denzil naye aliacha mzaha. Kompyuta aliifunga. Mchana mmoja alimshika Bryony mkono wakati Perran ametoka, akanong'ona bila kutazama upande wa kile kiti.

"Nawe unakisikia kikivutwa?"

"Nakisikia, baba."

"Jana nilikuwa nasinzia. Mkono umenishika bega, umelowa. Sauti imeniita ndugu yangu. Usimwambie Perran. Atasema nimeanza kuzeeka kichwa."

Bryony hakumwambia Perran. Alimfunga mtoto kifuani akaenda kijijini, kwenye duka la vyakula vya mifugo, kwa Loveday Chugg. Mama huyu alikuwa akipakia magunia tangu ujana wake, na wilaya nzima ilijua kwamba anaondoa chunjua kwa kuzitazama, na anatuliza ng'ombe aliyeogopa kitu kisichoonekana. Humlipi, wala humwambii asante, maana asante huharibu dawa.

Loveday alimsikiliza huku ameegemea gunia, akagusa shavu la Silas kwa kidole kimoja, akakiondoa haraka.

"Nani amemwandika?"

"Baba mkwe."

"Denzil! Nilijua magoti yale yatatuletea balaa." Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mgeni hula anachopewa, na kukicha anaondoka. Kile kitu kimekuwa kikilala kwenu usiku mmoja mmoja tangu enzi za kale, na hakijamdhuru mtu. Lakini ndugu haombi. Ndugu hujitwalia fungu lake. Na aliyekufa bila mtoto atadai fungu gani?"

Bryony alimbana Silas. "Kwa hiyo huyo ni Amos kweli?"

"Amos wa watu alifia zake mbali, akazikwa na watu wengine, amelala. Hiki kilikuwa hakina jina, mkakipa."

"Ni jini?"

"Mwite utakavyo, ila usimwite Amos."

Akamwelekeza. Kwanza jina lifutwe, arudi kuwa mgeni. Kisha akaribishwe kwa adabu, maana mgeni akitukanwa hulaani. Kisha apewe kazi. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu miaka yote hiyo hajashika hata ufagio! Mpe kazi yenye mwisho, la sivyo ataikataa. Lakini mwisho wake uwe mbali. Na anayempa awe mwanamke mwenye nyumba. Denzil ameshamwita ndugu, hawezi tena."

"Mimi si mwenye nyumba," Bryony alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimeolewa tu."

"Basi mngoje mwenye nyumba aje," alisema Loveday akainua gunia, "kama mtoto atamngoja."

Bryony alifungua kinywa kushukuru, akakumbuka, akakifunga.

Alipanga kumsubiri Perran amalize kukamua, wasimame wawili. Lakini siku za baridi kule Devon jua huzama kabla kazi haijakwisha, na saa kumi jioni ukungu ulikuwa umeshalamba madirisha. Alimweka Silas kitandani mwake karibu na jiko, mzee akiwa pale pale kwenye kiti chake, akatoka uani kuchota makaa, hatua chache tu, na aliporudi taa ya jikoni ilikuwa imefifia kama taa iliyo chini ya maji, na harufu ya tope ilikuwa nzito hata akaihisi ulimini, na kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu, na pale kwenye kiti cha nne, juu ya mbao zilizolowa, Silas alikuwa amelala hewani, mgongo wake umekunjika juu ya mkono usioonekana, kichwa kimeegemea bega lisiloonekana, maji yakidondoka kutoka chini yake tone baada ya tone, na kila tone lilipoanguka shavu lake lilizidi kuwa jeupe.

"Nimemwambia amrudishe," mzee Denzil alinong'ona. Machozi yalimtiririka, miguu imekataa kuinuka. "Bryony, nimemwomba. Anasema, ndugu yangu, na mimi nipate wangu."

Bryony aliangusha ndoo ya makaa. Alitaka kupiga kelele amwite Perran. Badala yake alikwenda ukutani, akachukua kalamu ya mzee, akalikata jina la Amos Endacott mara moja, mara mbili, mpaka karatasi ikachanika.

Hapo akamwona. Mtu mzima wa yapata arobaini, nguo zimemganda mwilini, na uso wake haukushikika kwa macho, ulikuwa kama mwandiko ulioingiwa na maji.

"Karibu, mgeni," Bryony alisema. Sauti yake ilitoka kavu. "Karibu katika nyumba yangu."

"Yako?" Sauti ilitoka chini, kama kisimani. "Nimelisoma jina lako. La penseli. Na wewe ni mgeni kama mimi."

Neno hilo alikuwa akijiambia mwenyewe kila siku, na kwa kuwa alilizoea halikumwangusha. Akanyoosha mikono yake, ile mikono iliyopasuka kwa baridi, kwa sabuni na kwa ndoo za maziwa.

"Mimi nilishapewa jembe," alisema. "Na leo nakupa lako."

Akachukua chujio la bati lililoning'inia ukutani, lenye matundu yake yote, akamwelekezea.

"Uani kuna bwawa la mabata. Litoe maji kwa hili mpaka likauke. Ukimaliza, ndipo uje tuongee habari ya fungu."

Kile kitu kilitazama chujio. Kikamtazama mtoto. Jiko lilitoa mlio, likanyamaza.

"Kwetu hapa," Bryony alisema, "mtu hapokei kazi mikono imejaa."

Kikamlaza Silas mezani, taratibu, kama mtu aliyewahi kufundishwa. Kikachukua chujio. Mlango haukufunguka wala haukufungwa, ila baridi ilipita pale ulipo, na taa ikawaka.

Perran aliingia akamkuta mkewe ameketi sakafuni katikati ya makaa, anamnyonyesha mtoto aliyelia kwa nguvu zake zote, na baba yake amesimama ukutani, ameshikilia kiti asianguke, anapita na wino juu ya jina la Bryony, herufi moja moja.

"Hujawapata wazazi wake," Perran alisema.

"Nyamaza," mzee alijibu. "Fagia makaa."

Kulipokucha Silas alikuwa wa moto na mzito kifuani. Bryony alimlaza kando ya Perran, akavaa mabuti, akateleka birika bila kumwomba mtu, akatoka uani. Mabata yote yalikuwa yamesimama ukingoni, hakuna lililoingia majini. Kulizunguka bwawa palikuwa na mkanda mpya wa tope, upana wa kiganja, ambao jana haukuwepo. Ndani ya ukungu, ng'ambo ile, alisikia maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, bila haraka, na majani ya upande ule yalikuwa yamelowa. Tope la ukingoni lilikuwa limekwanguliwa kwa vidole virefu, kiasi kile kile cha kuzibia matundu ya chujio.

Chujio likizibwa, siku moja bwawa litakauka. Kisha akaenda kwenye bomba, akajaza ndoo, akaibeba kwa mikono miwili mpaka ukingoni, akaimimina bwawani.

Ng'ambo, uchotaji ukasita, kana kwamba mtu anasikiliza. Ukaendelea.

Bryony akarudi kujaza nyingine.