Golikipa Aliyeitwa Mlevi

Sikuwa na presha. Sikuwa na sukari. Sikuwa na tone la pombe mdomoni tangu nilipoanza masomo ya jioni, maana vitabu na chupa havikai meza moja. Sikuwa na adui.

Jumamosi ile nikakosa hata ardhi ya kukanyaga!

Kona ilipigwa. Mimi, golikipa wa timu yetu ya wazee hapa ughaibuni, mjini Landover, nikainua kichwa kuutazama mpira...

Uwanja ukapinduka!

Nikakumbatia nguzo ya goli kama mtoto aliyeng'ang'ania mgongo wa mama. Mpira ukaingia. Nikatapikia glavu zangu.

Rafiki yangu Respicius, beki wangu wa miaka yote, akainama, akaninusa. Kisha akapaza sauti:

"Mzee Laurean amelewa!"

Wasomaji wangu, nilitamani nife palepale.

"Respi! Mimi unayenijua?"

"Unanuka, kaka." Hakunitazama usoni.

"Mhaya asiyekunywa!" mtu akacheka nyuma ya goli. "Si niliwaambia hizo ni hadithi?"

Mwenyekiti wetu, Kiplagat, akaja mbio. Sheria yetu inajulikana: ukija umelewa, unafungiwa msimu mzima, na unaandika barua ya kujieleza.

"Mzee, hebu toa jezi, please."

"Kiplagat, sijanywa!"

"Sasa mbona huwezi simama, mzee wangu?"

Kweli nilikuwa siwezi kusimama.

Dalili zilikuwepo tangu baridi ya mwaka jana. Kizunguzungu kikija, napima presha. Iko sawa! Nakunywa tangawizi, narudi golini. Sikio la kushoto likawa linalia kama birika. Kwetu sikio likilia, kuna mtu anakusema. Basi mimi na vyeti vyangu nikabaki nawaza nani ananisengenya!

Baada ya ile aibu, binti yangu Irene, ambaye ni muuguzi, akanipeleka kwa daktari wa masikio. Niliingia nimeshikwa mkono kama bibi harusi.

Daktari hakuzungukazunguka. Kinachomsimamisha mtu wima kimo ndani ya sikio, na changu cha kushoto kimekufa.

"Ningekuja mapema?"

"Huenda tungeokoa kitu."

"Na mazoezi?"

"Yatakusaidia kutembea. Kudaka, hapana."

Ndani ya gari, tukirudi nyumbani Bladensburg, nilimlaani Respicius kwa majina yote ninayoyajua. Irene akasimamisha gari pembeni.

"Daddy, stop. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilimwomba Uncle Respi. Ukianguka uwanjani, aseme umelewa."

"Ulinipaka matope, Irene? Baba yako?"

"Ile nguzo ni chuma, Daddy, ungepasua kichwa! Nilikubembeleza mara ngapi uende hospitali? Ungeacha kudaka kwa sababu unaumwa?"

"Nisingeacha."

"Na kwa aibu?"

Nikageukia dirishani. Magari yaliyosimama yalikuwa yanatembea.

"Uncle alilia," akasema. "Alikataa, nikamng'ang'ania."

Jioni Respicius akapiga simu.

"Kaka, kesho nawaambia watu ukweli."

"Thubutu!"

"Lakini jina lako..."

"Respi, sikiliza. Mlevi anafungiwa, kisha anasubiriwa. Mgonjwa anaombewa tu. Niache nisubiriwe."

Nikasikia anapenga kamasi. Kisha akakata simu.

Ndugu zangu mnaocheza, majina haya nimeyabadilisha, msijitafute. Ila lishikeni hili: ukiinua kichwa dunia ikazunguka, presha kuwa sawa isikutulize. Sikio likilia, usitafute msengenyaji. Nenda hospitali siku hiyohiyo! Na mwanao akikubembeleza, msikilize, kabla hajalazimika kukuvua nguo mbele za watu.

Mimi nimechelewa. Nikifumba macho bafuni, naanguka. Sitadaka tena, najua.

Hata hivyo nilikaa mezani nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nakiri kosa. Nilikuwa nimelewa. Naomba jezi namba moja itunzwe mpaka nitakapomaliza adhabu."

Nikailamba bahasha, nikaifunga. Nikashika uzio wa jirani, kisha wa anayefuata, mpaka kwenye sanduku la posta. Nikaitumbukiza.

Juu yangu ndege ilikuwa inapita. Sikuinua kichwa.