Magadi ya Kiburu na Rimu za Harusi

Alhamisi ile, nyumba ya Eliufoo na Tabitha kule Uru haikuwa na utulivu hata kidogo. Viti vya kuazima vilipangwa kwenye migomba. Kuku walifukuzwa uani. Ng'ombe alikatiwa majani mapema ili asisumbue watu. Jumamosi ilikuwa harusi ya Kindness, binti yao wa kwanza.

Tabitha, mama wa bibi harusi, mara alikuwa hapa, mara pale. Huku anapepeta mchele, huku anaimba, huku anabishana na majirani kuhusu maturubai. Furaha ilikuwa imempanda kichwani, wala hakuificha.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni Kindness. Ya pili ni gari. Wiki mbili zilizopita Eliufoo alikuwa amenunua gari, la kwanza katika ukoo wao. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa jeupe, na rimu zake zilikuwa na rangi ya fedha. Wakwe wa Tarakea walikuwa wamesema wataleta gari lao kubwa limchukue bibi harusi. Kindness alikataa.

"Mimi nitatoka kwetu na gari la baba," alisema. "Sitaki lingine."

Eliufoo aliposikia hivyo alitoka nje. Akalizunguka gari mara tatu, akijifanya anakagua matairi. Kumbe anafuta machozi.

Siku hiyo ya Alhamisi, karibu na saa sita mchana, Eliufoo alirudi na gari kutoka kwa kaka yake kule juu mlimani. Alikuwa amekwenda kuchukua ndizi za sherehe. Njia ya kurudi ni mteremko mtupu, kwa hiyo alikuja akikanyaga breki njia nzima. Akaegesha kando ya mfongo, ule mfereji unaopeleka maji kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba, ya majirani wote. Alitaka maji ya kuoshea yawe karibu.

Tabitha alilitazama gari, akashika kiuno.

"Baba Kindness! Rimu gani hizi? Nyeusi kama mafiga!"

"Ni matope na vumbi la breki. Nitaosha kesho."

"Kesho nani atakuwa na nafasi? Niachie mimi. Kuna kitu kimewahi kunishinda kung'arisha?"

Hapo alisema kweli. Sufuria za Tabitha zilijulikana mpaka kijiji cha pili. Kwa nje zilimeta, ungeweza kujitazama uso.

Aliingia jikoni, akatoka na steli waya na bakuli la magadi. Ni magadi yale yale anayotia kwenye kiburu, chakula cha ndizi na maharage. Aliyaponda, akayakoroga na maji kidogo mpaka yakawa mazito kama uji.

"Hayataharibu hayo?" Eliufoo aliuliza.

"Magadi? Tunayala tangu tumezaliwa! Kitu tunachokula kitaharibuje gari?"

Eliufoo akaenda kushusha ndizi. Na wewe msomaji, ungemjibuje?

Tabitha alianza na gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Rimu ilikuwa bado ya moto. Alipaka uji wa magadi, akasugua kwa steli waya na kwa nguvu zote za mama wa bibi harusi. Kisha akauacha uji ule ulowe, akaenda kutazama mchele wake. Jua lilikuwa kali. Aliporudi, magadi yalikuwa yamekauka. Akamwaga maji.

Weusi ulitoka. Lakini rangi ya fedha nayo haikuwepo. Rimu ilikuwa na mabaka ya kijivu, na mikwaruzo imeizunguka yote.

"Yelewii!" Tabitha alipiga kelele. Ndipo alipoona kwamba hata vidole vyake vilikuwa vyekundu na vinawasha.

Eliufoo alikuja mbio. Alitazama rimu. Akamtazama mkewe. Akatoa simu mfukoni.

"Basi. Nawapigia Tarakea. Walete gari lao."

Tabitha akamdaka mkono. Mwanawe aliomba jambo moja tu, na yeye ndiye ameliharibu!

"Usipige! Nipe saa moja tu!"

Alikimbia nyuma ya nyumba, akarudi na chupa ya dawa ya choo. "Hii inang'oa hata kutu," alisema akihema. "Itatoa mabaka yote!"

"Mama Kindness! Simama hapo hapo! Usifungue hiyo!"

Aliyepaza sauti alikuwa Dominika, jirani yao. Dominika anafanya kazi mjini Moshi, katika karakana ya kutengeneza matairi na rimu. Alikuwa amechukua likizo kusaidia harusi, na alikuwa analeta masinia. Aliyaweka chini yote, akaja mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, lakini niache kwanza, mwanangu, nimeharibikiwa!"

"Ukimwaga hiyo utaharibikiwa zaidi. Dawa ya choo ina asidi kali. Itakula rimu, na mvuke wake utakuumiza kifua. Halafu mabaki yataingia kwenye mfongo. Nani anakunywa maji hayo huko chini?"

Tabitha aligeuka. Hatua chache mbele, ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amezamisha mdomo mfongoni. Aliifunga ile chupa vizuri, akaiweka mbali.

"Sasa niambie," Dominika akasema, "hapa ulipaka nini?"

"Magadi tu. Magadi ya kiburu."

"Na sufuria unayopikia kiburu, kwa ndani ina rangi gani?"

"Nyeusi. Kila mtu anajua hivyo. Magadi hufanya sufuria ya alumini iwe..."

Tabitha aliitazama rimu. Akashika mdomo.

"Rimu hizi ni za alumini?" aliuliza polepole.

"Tusikisie. Baba Kindness, una sumaku?"

Eliufoo alikumbuka spika ya redio mbovu. Aliivunja, akaleta sumaku yake. Dominika aliisogeza kwenye rimu ya tairi la akiba ndani ya buti. Tap! Ikanata.

"Hiyo ni rimu ya chuma. Sasa jaribu hizi."

Tabitha alichukua sumaku mwenyewe. Aliigusisha kwenye rimu ya mbele. Ikateleza na kuanguka. Aliiokota, akajaribu tena. Ikaanguka tena.

"Haishiki!" alisema. Alikuwa ameanza kusisimka, hata akasahau huzuni kidogo. "Ni alumini, kama sufuria yangu!"

"Ndiyo. Na juu yake kuna rangi nyembamba inayoilinda. Steli waya imekwaruza rangi hiyo. Magadi yakapita hapo, yakaila alumini. Tena rimu ilikuwa ya moto, na magadi yakakaukia juani. Yote manne yalikutana."

"Lakini ni kitu cha kula, Dominika!"

"Kitu kuwa salama tumboni si kusema kiko salama kila mahali, mama. Pilipili unakula. Unaitia machoni?"

Tabitha alicheka, akataka asicheke, akashindwa.

"Rimu tatu bado nzima," Dominika alisema. "Tuziokoe!"

Hapo kazi ikaanza kwa shangwe. Kwanza Eliufoo aliliondoa gari kando ya mfongo, akalipeleka kwenye majani, mahali ambapo maji hayatiririki kwenda mfereji. Kisha walisubiri. Dominika alimtaka Tabitha aweke kiganja karibu na rimu, na baadaye juu yake, mpaka ikawa baridi kabisa.

Dominika alileta kutoka kwake chupa ya dawa ya kuoshea rimu. Tabitha aliinyakua.

"Nisome mimi! Magadi sikuyasoma, hii nitaisoma."

Alisoma taratibu, kidole juu ya lebo. "Haina a-si-di. Inafaa kwa rimu za alumini na zilizopakwa rangi. Vaa glavu. Usiache ikauke."

"Hayo ndiyo maneno ya kutafuta dukani," Dominika alisema. "Chupa isiyo na lebo usinunue, hata kama muuzaji anaapa. Na usichanganye dawa mbili."

"Na mtu akikosa dawa hii?"

"Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, kwenye ndoo ya maji. Inatosha kwa uchafu wa kawaida."

Tabitha alivaa glavu. Alimwaga maji kwanza kuondoa matope. Alijaribu dawa mahali padogo palipojificha, akangoja kidogo, akasuuza. Hapakuwa na baka. Ndipo akapaka gurudumu zima, akasugua kwa brashi laini, akasuuza kwa maji mengi kabla halijakauka. Gurudumu moja likaisha, akaenda la pili.

Rangi ya fedha ikatokea! Tabitha alipiga kigelegele. Akinamama waliokuwa wanamenya ndizi wakaitikia bila kujua kuna nini.

Rimu tatu zilimeta. Ya nne waliisafisha kwa upole, lakini mabaka yalibaki.

"Rangi iliyotoka haitarudishwa na sabuni," Dominika alisema. "Hiyo ni kazi ya fundi, na ya siku kadhaa."

Eliufoo alishika simu tena. Tabitha akavua glavu. Wakati huo huo Kindness alitoka ndani, nywele zikiwa zimesukwa nusu. Aliwakuta wote watatu wameinama kwenye gurudumu kama watu waliofiwa. Akaelezwa. Akaitazama rimu, akaangua kicheko.

"Baba, mimi nitakaa ndani ya gari, sitakaa juu ya rimu! Weka simu mfukoni."

Jumamosi asubuhi Eliufoo alijaribu breki kwanza, polepole, mahali tambarare, kama Dominika alivyomwagiza, maana maji na dawa huweza kupunguza nguvu ya breki. Kisha gari jeupe likateremka kwenda kanisani, riboni zikipepea, na vigelegele vikalisindikiza mpaka kwenye kona.

Picha ya siku hiyo iko ukutani, sebuleni kwa Eliufoo. Maharusi wamesimama katikati, ubavuni mwa gari. Wakwe wa Tarakea wako kulia kwao. Tabitha peke yake amesimama kando, kwenye gurudumu la nyuma. Ametandaza gauni lake la kitenge kwa mikono miwili, na anacheka mpaka jino la mwisho.

Rimu ile haijapelekwa kwa fundi mpaka leo. Tabitha amekataa. Mgeni akiuliza kwa nini alisimama kule nyuma, hajibu. Humshika mkono, akamtoa nje, akamwonyesha yale mabaka. Kisha humwingiza jikoni, akafunua sufuria ya kiburu, akamwinamisha atazame ndani.

"Haya," humwambia, "na wewe gari lako unaliosha na nini?"